Kondomu imepasuka, sasa je? Maswali ya kaunta ya duka la dawa, Kisumu

Duka ninalouza dawa haliko mbali na Kondele, na Jumatatu ndiyo siku yangu ya maswali. Mteja huingia, akaomba Panadol mbili, akasimama akisoma matangazo ya ukutani mpaka wengine waishe, kisha akainamia kaunta: "Daktari, kuna kitu nataka kuuliza." Mimi si daktari, nina stashahada ya ufamasia, lakini hapa kila aliyevaa koti jeupe ni daktari na nimeacha kubisha. Maswali yenyewe huwa yaleyale. Nimeyaandika yanavyoulizwa, na majibu ninavyoyatoa, ila huku hakuna foleni nyuma yako inayotega masikio.

Kondomu ilipasuka Jumamosi usiku. Leo Jumatatu. Nimechelewa?

Hujachelewa, lakini usipitie sokoni kwanza. P2, ile tembe ya dharura yenye homoni iitwayo levonogestreli, hunywewa ndani ya saa 72 tangu tendo lenyewe, yaani siku 3. Siku ya 4 na ya 5 bado inaweza kusaidia, ila nguvu yake imepungua. Hesabu saa, usihesabu siku. Jumamosi saa tano usiku hadi Jumatatu saa mbili asubuhi ni saa 33 tu, wala si "siku tatu" kama unavyoniambia ukikaribia kulia.

Sababu ya haraka hii ningependa kila mtu aielewe, maana ikieleweka nusu ya maswali mengine yanajijibu. P2 ina kazi moja: kulichelewesha yai. Mbegu za kiume huweza kuishi ndani ya mwanamke hadi siku 5 zikingoja yai litoke. Yai nalo likitoka huishi saa 24 hivi, mara nyingi hata hazifiki. P2 hulifanya yai likawie siku kadhaa, mbegu zikafa zikingoja, kama abiria aliyekaa stejini Ahero na matatu isitokee. Lakini yai likishatoka, au likiwa ukingoni kabisa mwa kutoka, P2 haina tena la kufanya. Ndiyo maana aliyeinywa Jumapili asubuhi yuko pazuri kuliko atakayeinywa Jumanne jioni, ingawa wote wawili wako ndani ya saa 72.

Kwa hiyo inatoa mimba?

Hapana. Mimba hushika baada ya yai lililokutana na mbegu kusafiri na kujibandika kwenye ukuta wa tumbo la uzazi, na safari hiyo huchukua siku kadhaa. P2 huwa imefaulu au imeshindwa kabla ya hapo. Mwanamke ambaye tayari ni mjamzito akiinywa bila kujua, mimba haitoki na mtoto hadhuriki. Mama mmoja, mtu wa kanisa, aliwahi kuniuliza moja kwa moja kama anatenda dhambi. Nilimwambia suala la dhambi aliulize kwingine. Ninachoweza kumweleza ni dawa inavyofanya kazi. Alisikiliza, akauliza tena, kisha akanunua.

Inafanya kazi kweli, au ni pesa tu mnataka?

Chukua wanawake 100, kila mmoja akutane na mwanamume mara moja bila kinga katika juma la pili au la tatu la mzunguko wake. Bila kufanya lolote, karibu 8 watashika mimba. Wote wakinywa P2 kwa wakati, atashika mmoja, pengine wawili. Kwa hiyo inafanya kazi, lakini si ukuta wa zege. Anayekuahidi asilimia 100 anauza maneno.

Nimehesabu, nilikuwa siku salama. Bado ninywe?

Swali hili huniumiza kichwa kuliko yote, kwa sababu hesabu nyingi ninazoletewa ni za rafiki wa jirani, si za mwenye mwili.

Siku ya 1 ya mzunguko ni siku damu inapoanza, si inapokwisha. Yai hutoka takriban siku 14 kabla ya hedhi inayofuata. Soma tena: kabla ya inayofuata, si baada ya iliyopita. Mwenye mzunguko wa siku 28 yai lake hutoka karibu siku ya 14. Mwenye siku 35, karibu siku ya 21. Mwenye siku 24, karibu siku ya 10. Sasa rudisha nyuma siku 5 ambazo mbegu huweza kungoja. Huyu wa siku 24 damu ikikatika siku ya 6 na akakutana na mwenzake jioni hiyohiyo, yuko hatarini kabisa, ilhali mtaani ameambiwa "ukitoka tu hedhi uko salama".

Njia ya shanga za mzunguko, ambayo wahudumu wa afya ya jamii hufundisha, huwafaa wenye mizunguko ya siku 26 hadi 32, nayo huhesabu siku ya 8 hadi ya 19 kuwa za hatari. Hizo ni siku 12. Zimeongezwa kwa kuwa mwili hauna saa ya ukutani. Malaria, mawazo, safari, mtihani, vyote huweza kulisogeza yai.

Ushauri wangu: ikiwa hedhi zako hazina mpangilio, au huna tarehe ulizoandika mahali, usijibishane na kalenda. Kunywa.

Tembe ziko mbili kwenye pakiti. Moja leo, moja kesho?

Zote mbili kwa pamoja, sasa hivi, na maji. Kila moja ina miligramu 0.75, na dozi ni miligramu 1.5. Zamani maelekezo yalisema uachanishe kwa saa 12, na baadhi ya karatasi bado zinasema hivyo, lakini kunywa zote kwa mara moja kunafaa vilevile na hakuna ya pili ya kusahau. Kama pakiti ina tembe moja tu ya miligramu 1.5, hiyo ndiyo dozi nzima. Usimgawie rafiki nusu. Nimeona.

Nimetapika.

Ukitapika kabla ya saa 2 kupita, rudia dozi. Zikiwa zimepita, dawa imeshaingia mwilini. Kichefuchefu, kichwa kuuma, matiti kujaa na uchovu wa siku moja mbili ni vya kawaida. Kula kitu chepesi kwanza.

Nachukua ARV, dawa za VVU. Zitagongana?

Umefanya vizuri kusema, na huku kwetu Nyanza swali hili halipaswi kunong'onwa. Jibu liko kwenye jina la dawa.

Wengi sasa hutumia tembe moja yenye dolutegraviri, ile ya TLD. Hiyo haiipunguzii P2 nguvu. Lakini bado wapo wanaotumia efavirenzi, na efavirenzi hulifanya ini livunje homoni za P2 haraka kabla hazijafanya kazi. Rifampisini ya kifua kikuu hufanya hivyohivyo, na baadhi ya dawa za kifafa pia, kama kabamazepini na fenitoini. Hata ukiwa umeziacha, mwili huendelea na tabia hiyo kwa muda wa wiki 4.

Kwa mwanamke wa namna hii koili ya shaba, kifaa kidogo kinachowekwa ndani ya tumbo la uzazi, ndiyo bora, kwa kuwa haina homoni ya kuvunjwa. Asipoweza kuipata, miongozo kama ile ya Uingereza hushauri dozi maradufu ya P2, yaani miligramu 3 kwa mara moja. Nionyeshe chupa au kadi ya kliniki, tuone pamoja. Sitasoma jina lako kwa sauti.

Na kwa kuwa tumefika hapo: utafiti uliotolewa mwaka 2015, uliofuatilia wanawake zaidi ya 24,000 wenye VVU hapahapa magharibi mwa Kenya, uliona kwamba waliokuwa na kijiti cha kupanga uzazi mkononi huku wakitumia efavirenzi walishika mimba karibu mara tatu ya wenye kijiti waliotumia ARV nyingine, nevirapini. Hata hivyo kijiti bado kiliishinda sindano. Kwa hiyo ukisikia "ARV zinaua kijiti", si uongo mtupu, wala si kweli yote. Inategemea ARV ipi.

Mimi ni mnene. Nimesikia P2 haishiki.

Kuna ukweli kidogo. Uzito ukipanda, nguvu ya P2 hushuka. Miongozo ya Uingereza huweka mpaka karibu na kilo 70 na hushauri dozi maradufu au njia nyingine. Haina maana kwamba usinywe. Ina maana kwamba ufikirie koili kwanza.

Hiyo koili unayoitaja kila mara ni nini hasa?

Ni kifaa kidogo cha plastiki chenye umbo la herufi T kilichozungushiwa waya wa shaba. Muuguzi au daktari aliyefunzwa hukiweka ndani ya tumbo la uzazi kwa dakika chache. Kikiwekwa ndani ya siku 5 baada ya ajali, huzuia mimba kuliko tembe yoyote. Katika wanawake 100 hata mmoja ni nadra. Shaba huzinyima mbegu nguvu, kwa hiyo hakijali uzito wako wala ARV zako. Kisha unabaki nacho kama njia ya kupanga uzazi hadi miaka 12, au kitolewe mwezi ujao ukitaka.

Nashangaa kwamba karibu hakuna anayekuja akikiuliza. Watu huogopa kwamba kitapanda hadi kifuani (hakina njia ya kupitia) au kwamba mume atakigusa. Nyuzi zake ni laini na hukatwa fupi. Mara chache hutoka chenyewe, ndiyo maana ya kuzipapasa nyuzi baada ya hedhi. Hatuwekei dukani, nenda kliniki ya kupanga uzazi, na ukiweza piga simu kwanza uulize kama siku hiyo yupo mwenye kuiweka, maana siku 5 si nyingi za kurushwa huku na huku.

Kuna pia tembe nyingine ya dharura, ulipristali ya miligramu 30, ambayo hubaki na nguvu hadi saa 120 na huweza kulizuia yai hata likiwa limekaribia zaidi kutoka. Dukani kwetu ni nadra kuwa nayo. Ukiipata, ngoja siku 5 kabla ya kuanza au kuendelea na tembe za kila siku au sindano, kwani hupingana, na siku hizo tumia kondomu.

Nimesahau tembe zangu za kila siku.

Ngapi? Moja: inywe ukikumbuka, hata kama ni mbili siku moja, uendelee. Mbili mfululizo: kunywa mara moja, na ingawa hatari bado ni ndogo mimi husema tumia kondomu siku 7. Tatu au zaidi mfululizo, au umechelewa kuanza pakiti kwa siku 3: kunywa moja mara moja, kondomu siku 7, na kama ulikutana na mtu ndani ya siku 5 zilizopita, P2 ina maana. Zikiwa ni za juma la tatu, malizia nyeupe zenye homoni, zile 7 za kahawia zitupe, uanze pakiti mpya kesho yake.

Hizo za kahawia ni madini ya chuma tu. Ukizisahau hakuna kilichoharibika. Msichana mmoja wa chuo alikuja na hofu ya siku nne kwa ajili ya tembe mbili za kahawia.

Haya ni ya tembe zenye homoni mbili. Mama anayenyonyesha aliyepewa zile za homoni moja hana ukarimu huo: akichelewa zaidi ya saa 3, kondomu siku 2.

Tarehe ya sindano imepita.

Depo hupigwa kila miezi 3. Shirika la Afya Duniani huruhusu ichelewe hadi wiki 4 na bado upigwe bila masharti. Usiitumie nafasi hiyo kama likizo. Zikipita wiki 4, na ulikutana na mwanamume ndani ya siku 5, kunywa P2, nenda kliniki upimwe mimba na upigwe sindano, halafu kondomu siku 7. Kukosa hedhi ukiwa kwenye sindano si ushahidi wa chochote. Wengi hukosa.

Kijiti nacho kina mwisho wake. Cha fimbo moja miaka 3, cha fimbo mbili miaka 5. Kadi ikipotea, andika mwaka wa kutolewa nyuma ya mlango wa kabati.

Kwa nini lakini inapasuka? Tulinunua nzuri.

Mara nyingi tatizo si kondomu. Wengine hupaka Vaseline, mafuta ya nazi, mafuta ya kukamulia ng'ombe, hata ya kupikia. Mafuta huila mpira wa kondomu ndani ya dakika chache. Kilainishi kiwe cha maji au cha silikoni. Wengine hukaa nayo kwenye pochi ya suruali miezi, au kwenye kisanduku cha pikipiki kutwa nzima, na jua la Kisumu mnalijua. Wengine huvaa mbili kwa uhakika zaidi, zikasuguana zikachanika zote. Na wengi hawabani ncha kutoa hewa wakati wa kuvaa.

Na si kupasuka tu. Imeteleza ikabaki ndani, ilivaliwa katikati ya safari, yote ni ajali ileile na dawa ni ileile.

Alimwaga nje. Hapo si kuna shida?

Ipo. Katika wanawake 100 wanaotegemea njia hiyo jinsi watu wanavyoitumia kweli, karibu 20 hushika mimba ndani ya mwaka. Kwa kondomu ni 13, na wanaoitumia bila kosa kila mara ni 2 tu. Ikiwa hakuwahi kutoka kwa wakati, au hamna hakika, hesabu kama ajali.

Nilikunywa maji ya chumvi. Rafiki alisema Coca-Cola, mwingine majani ya chai makali.

Hakuna hata kimoja kinachofika kwenye yai. Vivyo hivyo kuruka kamba, kukojoa mara moja, kusimama wakati wa tendo, kumeza Panadol nyingi. Kujiosha ndani kwa ndimu au sabuni hakuzifikii mbegu, kwani ndani ya dakika chache zimeshapita mlango wa uzazi, na kunakuachia michubuko inayorahisisha maambukizi. Jik ni sumu. Nilimwona aliyejaribu, na sitaki kueleza alivyokuwa.

Ubaya mkubwa wa hizi mbinu ni saa zinazokula. Mtu huamini amemaliza kazi, akaja kwangu siku ya sita.

Ni mara ya kwanza kufanya. Si mara ya kwanza haishiki?

Yai halijui kama ni mara ya kwanza.

Nanyonyesha. Nitamdhuru mtoto?

P2 haimdhuru, endelea kunyonyesha. Lakini pengine huihitaji. Ikiwa mtoto hajafika miezi 6, hajapewa kitu kingine ila ziwa, usiku na mchana, na hedhi haijarudi, kunyonyesha kwenyewe kunakukinga vizuri. Nyanya akianza tu kumwonjesha uji, kinga hiyo huanza kulegea.

Naweza kunywa mara ngapi kwa mwezi? Haitaniziba uzazi?

Haizibi. Hedhi ikirudi, uwezo wa kuzaa uko palepale, na kusema kweli huwa uko palepale hata kabla: P2 hailindi tendo la kesho. Yai limecheleweshwa tu, litatoka wiki ijayo, na wengi hunasa hapo, wakinywa Jumapili na kujiachia Alhamisi.

Ukiinywa mara kwa mara mwili hauharibiki, ila hedhi zitavurugika usijue siku zako kabisa, na utakuwa unatumia njia dhaifu kwa bei ya juu. Nina wateja wanaonunua kila wikendi. Siwagombezi, kwa kuwa anayegombezwa hunyamaza, kisha huja amechelewa. Huwa nawapigia hesabu: P2 nne kwa mwezi, pesa hizo ni ngapi, na kijiti cha miaka 3 katika kituo cha serikali huwekwa bure au kwa ada ndogo.

Mnaweza kuanza tembe za kila siku papo hapo siku ya kunywa P2, pamoja na kondomu kwa siku 7 za mwanzo.

Kuna tembe ya Kichina ya mara moja kwa mwezi, inaitwa Sophia. Hiyo vipi?

Hiyo haikuidhinishwa Kenya, huingia kwa magendo, na ina homoni nyingi mno kuliko tembe za kawaida. Siiuzi. Anayeiuza huwa hana karatasi yenye maandishi unayoweza kusoma, na hilo pekee lingetosha. Kwa P2 pia, angalia tarehe ya mwisho, angalia kama pakiti imefunguliwa, na ununue mahali penye leseni ukutani, si kwenye mkoba wa mtu kituo cha mabasi.

Nimekunywa. Hedhi itakuja lini?

Huenda mapema, huenda ikachelewa. Matone ya damu siku chache baadaye si hedhi, na si ishara kwamba dawa imefaulu. Ikichelewa zaidi ya wiki moja kuliko ulivyotarajia, au ikaja kidogo isivyo kawaida, pima mkojo. Kama huna mpangilio, pima wiki 3 tangu siku ya ajali. Kabla ya hapo kipimo kinaweza kukwambia "hamna" ilhali imo, na utakuwa umenunua usingizi wa siku mbili. Tumia mkojo wa kwanza wa asubuhi, na usome matokeo kwa dakika zilizoandikwa. Mstari uliojitokeza jioni kwenye kipimo kilichokuwa kwenye takataka hausomwi.

Maumivu makali ya upande mmoja wa tumbo, kizunguzungu cha kuanguka, maumivu ya bega pamoja na hedhi iliyokosa: usije dukani, nenda hospitali. Huenda mimba imetunga nje ya tumbo la uzazi. P2 haisababishi hilo, lakini mimba yoyote inaweza.

Mistari miwili.

Pole kama ndivyo hukutaka; hongera kama moyo umegeuka, maana hilo nalo nimeliona. P2 uliyokunywa haijamdhuru mtoto. Nenda kliniki kabla ya wiki 12 ukiamua kuendelea. Kama hujui ufanye nini, zungumza na mhudumu wa afya aliyefunzwa. Katiba ya 2010, Ibara ya 26, hairuhusu kutoa mimba isipokuwa pale ambapo, kwa maoni ya mtaalamu wa afya aliyefunzwa, kuna haja ya matibabu ya dharura, au uhai au afya ya mama imo hatarini, au sheria nyingine iliyoandikwa ikiruhusu. Tembe za kufichwa kwenye gazeti na mitishamba ya kuingizwa huua. Na ikiwa umeshatokwa damu, kwa sababu yoyote ile, ingia hospitali leo.

Na VVU je? Sikuwa nimefikiria.

Wengi hawafikirii. Hofu ya mimba hujaza kichwa chote. P2 haizuii maambukizi yoyote. Ikiwa hujui hali ya mwenzako, dawa za PEP, za kuzuia VVU visishike, huanzwa ndani ya saa 72, mapema zaidi ni bora zaidi, na hunywewa siku 28. Hupatikana bure katika hospitali za serikali. Ukija kwangu kwa P2 nitakuuliza hili, usikasirike.

Si ajali. Alinilazimisha.

Pole sana. Si kosa lako, na huna haja ya kunieleza zaidi ya hapo. Nenda hospitali kabla ya kituo cha polisi. Matibabu hayangoji ripoti. Kisumu, ile hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga ambayo sote tunaiita Russia ina kitengo cha waliodhulumiwa. Utapewa P2, PEP, kinga ya magonjwa ya zinaa, na fomu ya matibabu itajazwa kwa ajili ya kesi ukitaka kuendelea nayo. Ukiweza usioge, na nguo ulizovaa zibebe kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki. Ukiwa umeshaoga, nenda vilevile. Namba 1195 hujibiwa bila malipo. Kwa mtoto ni 116. Aliye chini ya miaka 18, sheria ya makosa ya kingono ya 2006 haihesabu kukubali kwake kuwa ni kukubali.

Mwanamume anaweza kununua?

Ndiyo, na naheshimu anayekuja mwenyewe. Kaka, ila usiinunue uende ukamwekee kwenye soda. Mpe, mweleze, na umwulize kama anatumia dawa nyingine yoyote.

Niko kijijini, duka la karibu halina P2.

Je, kuna tembe za kawaida za kupanga uzazi zenye levonogestreli na ethinilestradioli, kama Femiplan au Microgynon? Kunywa 4 nyeupe kwa pamoja, na 4 nyingine nyeupe baada ya saa 12. Si za kahawia. Njia hii ni dhaifu kuliko P2 na itakuchafua roho vibaya, basi tumia tu kama kufika mjini kutakuchukua siku nzima au zaidi.

Naweza kununua kabla, nikaweka nyumbani?

Ningependa wengi mfanye hivyo. Ajali hutokea usiku na duka hufunguliwa saa mbili. Pakiti hudumu miaka kadhaa, tarehe iko ubavuni. Iweke mahali pasipofika nyuzi 30 za joto, kwa hiyo si juu ya ukuta chini ya mabati, si dirishani, si kwenye pochi unayoanika juani Dunga. Chungu kilicho pembeni mwa mtungi wa maji kinafaa. Mteja wangu mmoja huiweka ndani ya kopo la majani ya chai, na anasema hakuna mwanamume wa nyumbani kwake aliyewahi kulifungua.